Uasili wa kimataifa wa mzazi mmoja

Uasili wa kimataifa wa mzazi mmoja ni utaratibu wa kisheria ambao mtu asiye na mume wala mke anaasili mtoto anayeishi katika nchi nyingine, kisha anarudi naye nyumbani akiwa mwanawe. Kwa kawaida mtu huyo husafiri hadi nchi ya mtoto, hufika mbele ya mahakama au ofisi ya serikali inayohusika, na hukaa huko kwa siku, wiki au miezi hadi mtoto apate ruhusa ya kuondoka.

Ingawa safari ndiyo sehemu inayoonekana zaidi, kisheria ni hatua ya karibu na mwisho. Kabla yake, mamlaka za nchi zote mbili zinatakiwa kujibu swali moja: je, ni kweli kwamba mtoto huyu amekosa familia inayoweza kumlea katika nchi yake? Historia ya uasili wa kimataifa inaonyesha kwamba madhara makubwa yalitokea pale ambapo swali hilo lilijibiwa kwa haraka, kwa uongo au kwa pesa.

Maana

Kuasili ni tofauti na aina nyingine za kumlea mtoto wa mtu mwingine. Katika malezi ya kambo mtoto hukaa na familia kwa muda, na wazazi wake wanaweza kumchukua tena. Katika ulezi wa kisheria mlezi hupewa mamlaka juu ya mtoto bila kuwa mzazi wake. Kuasili kikamilifu hukata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa, na kumpa haki zote za mtoto katika familia mpya, pamoja na jina na urithi.

Katika sheria ya Kiislamu kuna kafala, ambayo ni ahadi ya kumlea na kumtunza mtoto bila kubadilisha nasaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kama mojawapo ya njia za kumlea mtoto aliyekosa familia. Nchini Moroko, sheria ya mwaka 2002 inamruhusu mwanamke Mwislamu asiye na mume kupewa kafala akitimiza masharti yaliyowekwa.

Historia

Uasili wa kimataifa ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hasa baada ya Vita vya Korea (1950-1953). Mwaka 1955 Harry na Bertha Holt, mke na mume kutoka jimbo la Oregon nchini Marekani, waliasili watoto wanane kutoka Korea Kusini, kisha wakaanzisha shirika la kuwapeleka wengine Marekani. Katika miongo iliyofuata zaidi ya watoto 140,000 wa Korea Kusini walipelekwa ng'ambo.

China ilifungua mlango kwa sheria ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1992. Wakati huo sera ya mtoto mmoja ilikuwa imesababisha watoto wengi, hasa wa kike, kuachwa na wazazi wao. Zaidi ya watoto 160,000 waliasiliwa kutoka China na familia za kigeni. Miongoni mwa waliowaasili walikuwa wanawake wengi wasio na waume, kwa kuwa China iliwapokea wakati nchi nyingi zilipowakatalia.

Idadi ya uasili wa kimataifa duniani ilifikia kilele mwaka 2004. Mwaka huo Marekani peke yake ilipokea karibu watoto 23,000. Katika mwaka wa fedha wa 2023 walikuwa chini ya 1,300. Sababu za kupungua ni pamoja na sheria kali zaidi, kuongezeka kwa uasili wa ndani, na nchi kadhaa kufunga milango. Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa wageni mwaka 2018. China ilitangaza mwezi Septemba 2024 kwamba imesitisha, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu.

Sheria ya kimataifa

Mkataba mkuu ni Mkataba wa Hague kuhusu Ulinzi wa Watoto na Ushirikiano katika Uasili wa Kimataifa, uliopitishwa tarehe 29 Mei 1993 na kuanza kutumika mwaka 1995. Mkataba huo unahusu uasili unaofanywa na wanandoa au na mtu mmoja, kwa hiyo haumzuii mzazi pekee. Hata hivyo, kila nchi inabaki na haki ya kuamua nani anaweza kuasili watoto wake.

Kanuni zake kuu ni hizi:

- Uwezekano wa kumpatia mtoto familia katika nchi yake uchunguzwe kwanza.
- Ridhaa ya wazazi au walezi itolewe kwa hiari, kwa maandishi, bila kununuliwa kwa malipo ya aina yoyote.
- Ridhaa ya mama, inapohitajika, itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu.
- Wanaotaka kuasili wasikutane na wazazi au walezi wa mtoto kabla ya masharti ya msingi kutimizwa, isipokuwa kwa ndugu au kwa idhini ya mamlaka.
- Mtu yeyote asijipatie faida isiyo halali kutokana na uasili.

Burundi, Kenya na Rwanda zimejiunga na mkataba huo. Tanzania na Uganda hazijajiunga. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba kuasiliwa nje ya nchi kuwe njia ya mwisho kabisa.

Masharti kwa mtu asiye na mwenzi

Masharti hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Marekani inamruhusu raia wake asiye na ndoa kuasili mtoto wa nje akiwa na umri wa angalau miaka 25. Italia iliwaruhusu wanandoa tu kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwezi Machi 2025 kwamba mtu asiye na ndoa asizuiwe kuomba kuasili mtoto wa kigeni. Nchini India mwanamke asiye na mume anaweza kuasili mtoto wa jinsia yoyote, lakini mwanamume asiye na mke haruhusiwi kuasili mtoto wa kike.

Masharti hayo pia hubadilika ghafla. China iliwafungia wasio na ndoa mwaka 2007, kisha mwaka 2011 ikawaruhusu tena wanawake, lakini kwa watoto wenye ulemavu au mahitaji maalumu ya afya. Urusi ilipitisha mwaka 2013 sheria ya kuwazuia watu wasio na ndoa kutoka nchi zinazotambua ndoa za jinsia moja. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kumkuta mwombaji akiwa ameshasubiri kwa miaka.

Maandalizi na safari

Kabla ya kusafiri, ofisa ustawi wa jamii humtembelea mwombaji nyumbani na kuandika ripoti kuhusu afya, kipato, makazi, tabia na sababu zake za kutaka mtoto. Mzazi pekee huulizwa maswali ambayo wanandoa huulizwa kwa uzito mdogo zaidi: nani atamtunza mtoto mzazi akiwa kazini, nani atawasaidia akiugua, na nani atakuwa mlezi mzazi akifariki. Jina la mlezi huyo mara nyingi hutakiwa kwa maandishi.

Mwombaji akiidhinishwa, mamlaka ya nchi ya mtoto humpendekezea mtoto pamoja na taarifa za afya na asili yake. Mwombaji anaweza kuwapa madaktari taarifa hizo wazichunguze kabla ya kukubali.

Muda wa kukaa ugenini hutegemea nchi. Wamarekani walioasili China walikaa huko takriban wiki mbili: walipokea mtoto katika jimbo alikotoka, kisha wakaenda naye Guangzhou kupata viza. Katika nchi nyingine mzazi huhudhuria mahakama, hurudi kwao, kisha husafiri mara ya pili kumchukua mtoto.

Kwa anayesafiri peke yake ugumu mkubwa huanza baada ya kukabidhiwa mtoto. Mtoto ametoka kwa walezi aliowazoea. Harufu, lugha na chakula vimebadilika kwa siku moja. Wengine hulia usiku kucha, wengine hunyamaza kabisa au hukataa kula. Wakati huohuo mzazi anapaswa kupanga foleni ya pasipoti, kumpeleka mtoto kupimwa afya na kufika ubalozini, bila mtu wa kumpokea mtoto hata kwa saa moja. Kwa sababu hiyo wengi husafiri na dada, mama au rafiki, ingawa kisheria mwombaji ni mmoja.

Katika viwanja vya ndege, mtu mzima mmoja mwenye mtoto asiyefanana naye anaweza kusimamishwa na kuhojiwa, kwa kuwa maofisa wana wajibu wa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto. Hivyo amri ya kuasili, cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya mtoto hubebwa mkononi, si katika mzigo unaopakiwa.

Afrika Mashariki na Malawi

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mgeni anayetaka kuasili anatakiwa awe amekaa nchini kwa angalau miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto kwa miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo mtu hawezi kuja Tanzania kwa wiki chache na kuondoka na mtoto aliyemwasili.

Nchini Uganda wageni wengi walikuwa wakipata ulezi wa kisheria tu, kisha wakikamilisha uasili kwao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliufanya ulezi huo uwe wa raia wa Uganda pekee, na yakamtaka mgeni anayeasili akae nchini na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja. Kenya ilisitisha uasili wa wageni mwezi Novemba 2014 kwa kuhofia biashara ya watoto.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Malawi. Mwaka 2009 mwanamuziki Madonna, aliyekuwa ametalikiana muda mfupi kabla, aliomba kuasili msichana mdogo. Mwezi Aprili Mahakama Kuu ilimkatalia kwa kuwa hakuwa mkazi wa Malawi, na jaji akaonya kwamba kulegeza sharti hilo kungeweza kuwasaidia wanaofanya biashara ya watoto. Mwezi Juni Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba mtoto angebaki katika kituo cha yatima au angepata familia. Hukumu hizo mbili zinaonyesha pande zote za mjadala: sharti linalomlinda mtoto mmoja dhidi ya wauzaji linaweza kumnyima mwingine nyumba.

Ukosoaji

Mwaka 2007 wafanyakazi wa shirika la Kifaransa la Arche de Zoé walikamatwa nchini Chad wakijaribu kuwasafirisha watoto 103 waliodaiwa kuwa yatima wa Darfur. Ilibainika kwamba wengi wao walikuwa Wachadi wenye mzazi aliye hai. Mwaka 2025 tume ya ukweli ya Korea Kusini ilieleza kwamba kumbukumbu za watoto zilighushiwa, na kwamba wengine waliandikwa kuwa yatima ingawa wazazi wao walijulikana. Uholanzi ilikuwa imesitisha uasili wa kimataifa mwaka 2021 baada ya uchunguzi kuhusu udanganyifu.

Katika matukio mengi ya aina hii umaskini ulichukuliwa kuwa sawa na uyatima. Mzazi aliyemwacha mtoto kituoni ili ale na asome huenda hakukusudia kumtoa moja kwa moja, na katika baadhi ya lugha hakuna neno la kuasili lenye maana ya kukata undugu.

Baada ya kurudi

Uraia wa mtoto haupatikani kwa njia moja kila mahali. Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001, humpa uraia mtoto aliyeasiliwa na raia wake anapoingia nchini akiwa mkazi wa kudumu, mradi uasili uwe umekamilika. Kabla ya hapo baadhi ya walioasiliwa walikua bila uraia kwa sababu wazazi hawakuwaombea.

Nchi nyingi za asili hudai ripoti za maendeleo ya mtoto kwa miaka kadhaa. Mkataba wa Hague pia unazitaka nchi kuhifadhi taarifa kuhusu asili ya mtoto, hasa majina ya wazazi wake na historia ya afya. Kwa mtoto aliyelelewa na mzazi mmoja mbali na alikozaliwa, faili hilo linaweza kuwa njia pekee ya kujua, akiwa mtu mzima, ametoka kwa nani na kwa nini.