Kugeuza Kombi Kuukuu Iwe ya Dizeli na ya Magurudumu Manne

Askari yeyote aliyewahi kusukuma gari katika udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua hahitaji kufundishwa faida ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Lakini wengi kati yetu, hasa wanaokaribia kustaafu, hutazama kombi kuukuu zilizolala nyuma ya gereji na kujiuliza: je, gari hili lililoundwa kwa kutalii na kulala safarini, haliwezi kutiwa injini ya dizeli, likapewa nguvu mbele na nyuma, na kufanya kazi ya shamba? Jibu ni kwamba linaweza. Hata hivyo, yafaa kuyajua masharti yake kabla kiinua mgongo hakijateketea.

Tuchukue mfano wa kombi ya Volkswagen ya toleo la tatu, iliyoanza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1979, na ambayo Afrika Kusini iliendelea kuiunda mpaka mwaka 2002. Injini yake hukaa nyuma, na nguvu zake huenda kwenye magurudumu ya nyuma tu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Steyr-Daimler-Puch ya mjini Graz, Austria, iliunda ndugu yake aitwaye Syncro, anayeendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Katika Syncro, propela hutoka kwenye giaboksi iliyo nyuma na kwenda mbele hadi kwenye difu ya pili. Hapo pana kopo lililofungwa, lenye visahani vingi vyembamba ndani ya majimaji mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakiteleza na kuzunguka upesi kuliko ya mbele, majimaji hayo hupata joto na kuvishikamanisha visahani, na nguvu hupelekwa mbele bila dereva kugusa kitu. Kwa hiyo tairi zote nne sharti ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa sawasawa. Zikitofautiana, kopo hilo litafanya kazi hata kwenye lami kavu na mwishowe litaharibika.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika kombi ya kawaida tangi la mafuta liko mbele. Katika Syncro lilihamishiwa nyuma ili kupisha propela na difu. Anayetaka kuigeuza kombi ya kawaida atalazimika kukata na kuchomelea upya vyuma vya sakafu. Njia ya busara ni kutafuta Syncro ambayo injini yake ya petroli imekufa, kisha kubadilisha injini peke yake.

Dizeli ina sifa zinazopendwa jeshini. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Tena injini yake haina plagi za cheche za kuloa maji mtoni. Zaidi ya hayo, huvuta kwa nguvu ikizunguka polepole: injini ya TDI ya lita 1.9, yenye nguvu za farasi 90, hufikia mvuto wake mkubwa kabisa ikiwa kwenye mizunguko 1,900 tu kwa dakika.

Lakini injini hiyo ilitengenezwa kusimama ndani ya gari dogo. Kwenye kombi hulazwa ubavu kwa nyuzi 50 ili mfuniko wa nyuma ufungike, na hivyo sharti ifungwe karta ya oili iliyotengenezwa kwa ajili ya kombi ya dizeli. Bila hiyo, pampu itavuta hewa badala ya oili, na injini itakwama. Vilevile radieta iko mbele kabisa, mbali na injini; mabomba yake marefu yasipotolewa hewa yote, injini itachemka.

Jambo kubwa kuliko yote ni breki. Busta ya breki hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ya petroli. Injini ya dizeli haitoi mvuto huo. Ni lazima iwe na pampu yake maalumu. Fundi akiisahau, gari litatoka gereji likienda vizuri, lakini kwenye mteremko wa kwanza dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe, huku abiria wakiwa nyuma yake. Basi breki zijaribiwe uwanjani, gari likiwa na mzigo, kabla ya safari yoyote.

Kwa ndugu zetu wa polisi, neno moja zaidi. Injini ikibadilishwa, nambari yake mpya iandikishwe kwenye kadi ya gari, na hati ya mauzo ya injini itunzwe. Askari wa barabarani akikuta nambari zisizolingana, ni wajibu wake kushuku wizi. Mwenye gari asiye na hati asimlaumu.

Kazi hii, basi, yataka mpango kama oparesheni yoyote: kupeleleza gari kwanza, kukusanya vipuri vyote, ndipo kufungua boliti ya kwanza. Mwenye kushika utaratibu huo atapata gari la kumfaa miaka mingi; mwenye pupa atabaki na chuma chakavu uani.