Kiboksi cha sentimita 10 kingeisaidia nini Kilwa?

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Swali la haki kabisa: hizi setilaiti tunazosikia kila siku, si zingetuonyesha maji yamejaa wapi?

Zingeweza, ila si zote. Kamera ya kawaida haipenyi mawingu, na siku ya mafuriko ndiyo siku ya mawingu. Inayopenya ni rada, kama ya Sentinel-1 ya Ulaya. Haipiti kila siku, lakini picha zake ni za bure. Kazi inabaki kumpata mtu wa kuzisoma.

Hapo ndipo vinapoingia viboksi vya wanafunzi. Mwaka 1999 maprofesa wawili nchini Marekani, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, walibuni setilaiti ya mchemraba: sentimita 10 kila upande, uzito kilo moja na kitu. Hawakutaka kushindana na setilaiti kubwa. Walitaka mwanafunzi aianze na kuimaliza kabla hajahitimu, basi.

Majirani wameshafanya. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyorushwa Novemba 2022, ilitengenezwa na Waganda watatu wakiwa masomoni Japani.

Sasa tupige hesabu kidogo. Setilaiti ikiachiwa kituoni hapo huwa kilomita kama 400 juu, ikikimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Kilwa Masoko hadi Dar, kama nusu dakika! Ukisimama Masoko na antena, utaipata kwa dakika 10 hivi, tena ikipita vizuri. Ndani ya muda huo utume amri na upokee data. Ukichelewa, subiri ipite tena.

Inazunguka dunia kila dakika 93 hivi, jua kali halafu giza, mara 15 na zaidi kwa siku. Nati ikilegea huwezi kupanda na spana. Kwa hiyo wanafunzi huitingisha kwenye mashine, huiweka kwenye chumba kisicho na hewa, huichemsha na kuigandisha, yote hapa chini. Ikigoma, wanaifungua na kuanza upya. (Hapa ndipo watu hulia, na hapa ndipo wanapojifunza.)

Aliyepitia hayo hatazami picha ya setilaiti kama picha ya simu. Kwenye rada, maji yaliyotulia huonekana meusi, kwa sababu uso laini huutupa mwangwi upande mwingine badala ya kuurudisha. Mpe picha ya Kilwa yenye doa jeusi, atakuuliza kwanza: imepigwa saa ngapi, kutoka upande gani, na hapo kabla ya mvua palikuwa na nini? Maana pwani yetu ina mashamba ya chumvi, nayo hujaa maji hata siku ya jua.