Kwa nini mwalimu mpya huomba kuhama kijijini?

Mwalimu mpya akifika kijijini, watoto humpokea begi njiani. Haupiti muda mrefu, mwalimu yule yule anaomba uhamisho, na darasa linabaki bila mtu wa kufundisha hesabu. Wazazi husema hana wito. Je, ni wito tu unaomfanya mtu abaki kwenye kazi yake?

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kuwa mfanyakazi hubaki mahali pake kwa sababu tatu. Yupo anayebaki kwa kuwa anapapenda. Yupo anayebaki kwa kuwa akiondoka atapata hasara. Na yupo anayebaki kwa kuwa anaona ni wajibu wake. Mtu mmoja anaweza kuwa na sababu zote tatu, na hali yake ya maisha ndiyo inayozipa nguvu au kuzipunguza.

Mshahara na makato

Hapa Tanzania, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Lakini mshahara unaotangazwa siyo unaofika mkononi. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 5 ya pensheni na asilimia 3 ya bima ya afya. Yaani katika kila shilingi 100,000, shilingi 23,000 zimeshaondoka, na kodi ya mapato bado.

Kinachobaki kina wenyewe wanaokisubiri: mwenye nyumba, wazazi aliowaacha, pengine na mdogo wake aliye shuleni. Na kama wakala wa kijijini hana fedha za kutosha, mwalimu hulazimika kupanda bodaboda kwenda mjini kuchukua mshahara. Nauli inapungua humo humo, na siku ya vipindi imepotea.

Nyumba na familia

Mwalimu asiye na nyumba karibu na shule hupanga mbali na kutembea asubuhi na jioni. Akiwa na mwenza anayefanya kazi wilaya nyingine, familia inalazimika kuendesha nyumba mbili. Akiwa na mtoto mchanga na zahanati iko mbali, kila homa ni hofu. Mtu wa namna hii anaweza kuipenda kazi yake sana na bado akaomba kuhama.

Namna anavyopokelewa

Sababu ya kwanza, ile ya kupapenda mahali, hainunuliwi kwa mshahara peke yake. Mwalimu anayeitwa kwenye harusi na misiba ya kijiji, ambaye wazazi wake wa shuleni huja kuuliza maendeleo ya mtoto, huanza kujiona mwenyeji. Anayekumbukwa tu siku matokeo yakiwa mabaya hubaki mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye anahitaji pa kulala.

Kijiji kinaweza kufanya nini?

Kijiji hakina mamlaka ya kupandisha mshahara wala kufuta deni la mkopo. Hayo ni ya serikali. Lakini mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na suala la nyumba ya mwalimu linaweza kuwa ajenda. Wananchi wanaweza kukubaliana kuchangia tofali, mchanga na nguvu kazi, kisha wakaiomba halmashauri imalizie. Wanaweza kumtafutia chumba cha bei nafuu karibu na shule, au kumgawia eneo la kulima bustani.

Mwalimu anapohama, tusiishie kuuliza kwa nini hana moyo. Tuulize pia alikuwa analala wapi, na nani alikuwa jirani yake.