Msako wa elki magharibi mwa Marekani: Tatizo ni umati, si mnyama

KWA msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, huenda ikawa ajabu kusikia kwamba katika majimbo ya magharibi mwa Marekani mwalimu au fundi wa magari anaweza kuchukua bunduki yake na kuingia katika msitu wa umma kumsaka mnyama wa kilo 300. La ajabu zaidi ni kwamba anapoketi kupanga safari hiyo, kinachomsumbua si mnyama bali msongamano wa wawindaji wenzake.

Ardhi yenyewe si haba. Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, eneo linaloishinda Kenya zaidi ya mara nne, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko magharibi. Katika jimbo la Nevada, inafikia asilimia 80. Wanyama nao si mali ya mwenye shamba. Jimbo huwatunza kwa niaba ya wananchi wote. Colorado ndiyo inayoongoza kwa wingi wa elki, kulungu wakubwa wenye pembe zenye matawi.

Hata hivyo, msimu ni mfupi. Ule wa kwanza wa bunduki jimboni Colorado, katikati ya Oktoba, huchukua siku tano pekee, na kila mtu hupiga hema karibu na barabara.

Ndiyo maana mipango huanza miezi mingi kabla, kwa ombi la leseni. Majimbo mengi hutoa leseni za maeneo bora kwa bahati nasibu. Katika baadhi yao, anayekosa hupewa pointi ya kumsaidia mwaka unaofuata, na kuna maeneo ambako watu husubiri kwa zaidi ya miaka 20. Mianya iliyokuwapo inazidi kuzibwa: tangu 2025, mgeni kutoka nje ya Colorado hawezi tena kununua leseni ya kuwinda elki kwa upinde bila kuingia katika bahati nasibu.

Baada ya leseni huja ramani. Milio ya kwanza ikisikika, elki hukimbilia vichaka vizito au ranchi za watu binafsi, ambako hakuna wa kuwabughudhi. Ushauri wa miaka nenda miaka rudi ni kwenda mbali na barabara. Lakini ushauri huo umesikika mno, na kwa kuwa kila mwenye simu ana ramani ile ile, mabonde ya mbali nayo yamejaa mahema. Mwenye busara huchunguza pia makorongo mabaya yaliyo karibu, ambayo wengine huyapita mbio alfajiri wakielekea mbali.

Tena kuna suala la nyama. Elki dume mmoja aweza kutoa takriban kilo 100 za nyama isiyo na mifupa, na sheria hairuhusu kuiacha ioze. Aliye peke yake mlimani, mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, huibeba mgongoni kwa safari kadhaa. Asiye na farasi wala rafiki hana budi kujiuliza swali hilo kabla ya kufyatua risasi.

Wyoming ina masharti yake. Mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika nyika zilizohifadhiwa na serikali kuu bila mwongozaji mwenye leseni au mwenyeji wa kuandamana naye. Isitoshe, ruzuku za ardhi kwa kampuni za reli katika karne ya 19 ziliacha viwanja vya umma na vya watu binafsi vikipishana kama ubao wa drafti. Mwaka wa 2021 wawindaji wanne walitumia ngazi kuvuka pembe ambapo viwanja hivyo hukutana, wakashtakiwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa iliamua kwamba walikuwa na haki ya kupita, na Mahakama ya Juu ikakataa kuipitia kesi hiyo Oktoba. Hukumu hiyo haiifungi Montana, iliyo katika kanda nyingine ya mahakama.

Mwaka huo huo wa 2025, Seneta Mike Lee wa Utah alipendekeza mamilioni ya ekari za umma ziuzwe. Wawindaji, wale wale wanaolalamikia msongamano, waliungana na wapenzi wa mazingira kumpinga, naye akaliondoa pendekezo hilo mwishoni mwa Juni.