Bei ya Kutu Ndani ya Zege

Wapo wasemao kwamba chuma kisichoshika kutu huchafua mazingira kupita chuma cha kawaida. Tanurini ni kweli: kuyeyusha kromi na nikeli hula nishati nyingi. (Kikanushi cha jina hilo nacho kinatia chumvi kidogo, maji ya bahari huweza kukitoboa.) Lakini viungo vishikavyo roshani na kuta hufukiwa ndani ya zege. Kimoja kikiliwa, hakitolewi bila kubomoa, na zege mpya yadai saruji, ambayo kuitengeneza hutoa gesi ya kaboni kwa wingi. Gati la Progreso, Meksiko, lililojengwa kati ya 1937 na 1941 kwa nondo zisizoshika kutu, lingali limesimama baharini. Gati jirani, lililojengwa baadaye kwa nondo za kawaida, limebaki magofu. Wajengao pwani yetu watuonyeshe hesabu ya miaka mia, si risiti ya dukani.