Nyangumi Mweupe Anapopimwa Maabara

Katika miaka ya 1980, daktari Éric Dewailly wa Quebec, Kanada, alikuwa akichunguza sumu za viwandani katika maziwa ya akina mama. Alihitaji wanawake wanaoishi mbali kabisa na moshi na mabomba ya taka, wa kuwalinganisha na wale wa mijini. Akachagua Nunavik, kaskazini ya mbali ya jimbo hilo, nchi ya barafu wanakoishi Wainuit. Majibu yakaja kinyume: maziwa ya mama wa Nunavik yalikuwa na kemikali ziitwazo PCB takriban mara tano ya yale ya kusini.

Wainuit hawakuwahi kutengeneza PCB. Kemikali hizo, zilizotumika sana kwenye transfoma za umeme, husafiri na upepo na mikondo ya bahari, hutua penye baridi na kujificha kwenye mafuta ya viumbe. Samaki hula vidudu, sili hula samaki, na kila mlaji hurundika sumu za aliowala. Mwindaji ndiye wa mwisho kwenye foleni hiyo.

Sasa nani awaambie wenyewe, na kwa maneno gani?

Mattaaq, ngozi ya nyangumi mweupe pamoja na mafuta yake, huwapa vitamini C watu ambao ardhi yao haioti hata mchicha. Chakula cha dukani hufika kwa ndege au meli, bei haishikiki, na mara nyingi ni soda na vyakula vya kopo. Isitoshe, nyama ya mawindo hugawanywa, na wazee hupata fungu lao. Kumwambia mtu tu kwamba chakula chake kina sumu ni kumfukuza mezani bila kumwonyesha meza nyingine. Kuhusu maziwa, wataalamu waliwashauri mama waendelee kunyonyesha, kwa kuwa faida ilizidi hatari.

Somo lilikomaa mwaka 2011. Utafiti wa muda mrefu ulikuwa umehusisha zebaki, sumu nyingine iliyomo katika nyangumi huyo, waliyoipata watoto tumboni na matatizo ya umakini baadaye. Zebaki, tofauti na PCB, hukaa zaidi kwenye nyama kuliko kwenye mafuta. Kwa hiyo mamlaka ya afya ya Nunavik haikumharamisha nyangumi mzima: iliwaomba wanawake wa umri wa kuzaa wapunguze nyama yake, hasa ile iliyokaushwa, na ikawasifia samaki wa kienyeji wa jamii ya samoni. Kipande kimetajwa, mlaji katajwa, na mbadala upo.

Madini ya risasi, sumu nyingine iliyowafikia Wainuit kupitia mawindo, yalikuwa na dawa nyepesi zaidi. Yalitoka kwenye chembe za risasi zilizotumika kuwapiga ndege. Risasi za aina hiyo zilipoachwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwango kwenye damu ya vitovu vya watoto wachanga kikashuka, na bata akabaki chunguni.

Mwaka 1999 kiongozi wa Wainuit, Sheila Watt-Cloutier, alipeleka kinyago cha mama na mtoto kwenye mazungumzo ya kimataifa ya kudhibiti sumu kama PCB jijini Nairobi. Mazungumzo hayo yakazaa Mkataba wa Stockholm, uliosainiwa 2001, na PCB katika damu ya wajawazito wa Nunavik zimepungua sana. Zebaki bado iko juu kuliko kwa Wakanada wengine. Duniani, chanzo kikuu cha zebaki ambayo shughuli za binadamu huingiza hewani ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwamo wa kandokando ya Ziwa Victoria.