PAMBA ZA MJINI HAZIPANDI MLIMA!

Ukipita stesheni Dar Ijumaa jioni ukaona vijana wamejazana na mabegi mgongoni, usidhani wanahama mji. Wanakwenda Moro! Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, Morogoro imekuwa ya kwenda na kurudi, chini ya saa mbili umefika. Jumamosi alfajiri mtu yuko chini ya milima ya Uluguru, miwani kichwani, simu mkononi, tayari kupiga picha kileleni.

Sawa, nendeni. Tatizo mnaangalia picha, miguuni hamuangalii. Na masika yakishaanza kumwaga, Uluguru haina utani na mtu.

Naandika haya kwa sababu yalinikuta. Tulikuwa sita, Aprili, wiki ya Pasaka, tunakwenda kilele cha Lupanga, mita 2,138 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na uko chini ya TFS, tulilipa kiingilio chetu tukapewa mwongozaji, mzee wa Kiluguru mwenye panga na gambuti nyeusi zilizochakaa. Tukamwamkia. Kabla hata ya kuitikia, akatutazama miguuni mmoja mmoja.

“Marahaba wanangu. Leo ni mlimani au harusini?”

Tukacheka. Mshikaji mmoja alikuwa na raba nyeupe pee, soli laini kama chapati. Dada mmoja alitinga jinzi ya kubana. Mimi ndiye niliyejiona mjanha wa kundi: nilikuwa na buti za ngozi za mtumba, za maana kweli, nilizozipata kwa bei chee baada ya kubishana na muuzaji nusu saa. Hata kamba zake zilikuwa mpya.

Bwana wee! Saa mbili baadaye, katikati ya msitu, mvua inanyesha, soli ya kulia ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba. Dakika kumi nyingine na ya kushoto ikafuata mwenzake. Yule mzee hakusema kitu. Alitoa kamba ya katani mfukoni akanifunga kama mzigo wa kuni, tukaendelea.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Buti nyingi za kupandia milima zina tabaka la povu kati ya ngozi na soli, la kupunguza kishindo. Povu hilo linakula unyevu taratibu mwaka hadi mwaka, hata kama kiatu kimekaa tu kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje kinang'aa, kwa ndani kimeshakuwa unga. Kwa hiyo mtumba unaoonekana mpya kabisa ndio wa kuogopa, maana pengine umelala ghalani Ulaya miaka kumi kabla ya kufika Karume. Ukiwa sokoni, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Kikunje kiatu mpaka kilie. Ukiona nyufa nyembamba au vumbi linamwagika, mrudishie mwenyewe na tabasamu. Ukisikia harufu ya gundi mbichi, ujue kimeshawahi kufa kikafufuliwa.

Na usinunue asubuhi. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hivyo nenda jioni, tena na soksi nene utakayovaa safarini. Vidole vicheze mbele, kisigino kisicheze nyuma. Kumbuka kushuka ndiko kunakoua kucha, si kupanda.

Sasa utaniuliza, basi tuvae nini? Kwa Uluguru ya siku moja, ya tope jekundu linaloteleza kama sabuni, mimi nasema bila aibu: gambuti. Ndiyo, zile zile za muuza samaki na fundi wa mitaro. Msizicheke. Kule Rwenzori, Uganda, ambako mabwawa ya tope yanafika magotini, watu wanaolipa madola kwenda kukiona kilele cha Margherita, mita 5,109, hupita sehemu za chini wakiwa na gambuti, buti zao za bei mbaya zikibebwa begini. Kasoro zake nazijua: hazishiki kifundo cha mguu, zinatoa jasho, na maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea. Hiyo ya mwisho ni kasoro ya kila kiatu kisichopitisha maji, hata kile cha Gore-Tex cha kutambia. Dawa yake ni kuteremsha suruali ya mvua ifunike mdomo wa buti, si kuichomeka ndani. Lakini siafu wakitanda njiani, geuza haraka, chomeka kwenye soksi, ukimbie!

Kwa safari ya siku tatu nne na mzigo mgongoni, hapo tafuta buti za ngozi zenye soli ya meno makubwa, uzipake kiwi mara kadhaa, uzivae mtaani wiki mbili tatu kabla ya safari. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge tu. Mafuta ya mgando kisiginoni na katikati ya vidole yanasaidia sana, na hayana gharama.

Haya, tuje kwenye pamba, na hapa sitanii. Pamba za mjini ni pamba kweli: jinzi, fulana, soksi, vyote vinakunywa maji na havikauki. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 hivi juu ya bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii sita. Piga hesabu mwenyewe: Lupanga kuna baridi zaidi ya mjini kwa karibu digrii kumi, weka upepo, halafu ulowe. Maji yanaunyang'anya mwili joto kwa kasi mara nyingi kuliko hewa kavu.

Yule dada wa jinzi alianza kwa kutetemeka. Tukamtania. Kisha akashindwa kufunga kamba ya kiatu chake, vidole havimtii. Kisha maneno yakaanza kumlemaa mdomoni kama mlevi. Hapo mzee akasimamisha msafara. “Hapa tunashuka.” Jamaa mmoja akabisha, eti kilele kipo hapo tu juu, na akatoa kichupa cha pombe kali ampe mwenzake apate joto. Mzee akamnyang'anya. Alikuwa sahihi: pombe inafungua mishipa ya chini ya ngozi, unajisikia moto huku joto la ndani linamwagika nje. Tulimvua zile nguo zilizolowa, tukamvisha sweta la sufu la yule mzee na koti langu, tukamnywesha chai ya sukari nyingi, tukashuka naye katikati yetu. Hatukukiona kilele. Tungechelewa zaidi, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Kwa hiyo vaa polista, zile jezi za mpira zinafaa kabisa, na sweta la sufu juu yake, maana sufu inatunza joto hata ikilowa. Suti ya mvua ya bodaboda inatosha, ingawa inachanika kwenye miba. Mwamvuli uache nyumbani. Na ukikutana na jaketi la mabakamabaka la kijeshi mtumbani, hata likikupendeza vipi, pita mbali: sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2023 jeshi liliwataka wenye nazo wazisalimishe.

Zamani tulikuwa tunafunga nguo za akiba kwenye mfuko wa rambo. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, basi siku hizi natumia kopo la aiskrimu lenye mfuniko kwa simu na kiberiti, na mfuko mnene wa taka ndani ya begi. Soksi kavu jozi mbili zikae humo humo, usiziguse mpaka jioni.

Ukirudi, usizianike buti kando ya jiko la mkaa. Ngozi itapasuka na gundi itaachia. Likunje gazeti hili ukishalisoma, ulijaze ndani mpaka puani, ubadilishe asubuhi. Anza na ukurasa wa michezo, hasa kama timu yako imefungwa.